Kitambaa cha Kompyuta ya Babu

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa, Kiherehere na bibi yake waliketi sebuleni kumsikiliza marehemu babu. Enzi za uhai wake babu alijirekodi kwenye kompyuta mpakato yake, akisimulia alivyokutana na bibi. Ilikuwa kompyuta kuukuu, nene kama tofali. Bibi aliilaza juu ya kitambaa cha sufu alichokifuma mwenyewe, isije ikakwaruzika.

"Basi, nikaenda kwa yule binti mshonaji na shati lisilo na kifungo," sauti ya babu ilisema, "nikamwambia..."

Kompyuta ikazimika hapo hapo, kama kawaida yake; kesho hadithi ingeanza mwanzo tena. Kiherehere aliwahi kutaka kuisogeza hadithi mbele, bibi akakataa: babu yako hakatizwi akizungumza.

Mjomba alikwishaamua kwamba Jumamosi ataipeleka kwa fundi ikavunjwe vipuri. Bibi hakubisha, ila chai yake aliiacha ikapoa. Kiherehere alimwonea huruma sana.

Kesho yake akaichunguza. Chaja ilikuwa nzima. Alipoinyanyua, akakuta tumbo lake limechemka kama pasi. Akaiweka kwenye meza tupu; ikadumu kidogo zaidi, kisha ikazimika tena. Alijua bibi anavyokienzi kitambaa kile, lakini akajikaza.

"Bibi, usinikasirikie. Nadhani kitambaa chako kinaiziba pumzi."

Bibi akachomoa waya, akaigeuza kompyuta na kuchungulia matundu ya feni. Ndani mlijaa nyuzi za sufu, rangi ile ile ya kitambaa.

"Kumbe nayo ni kama cherehani," akasema. Ilipopoa, akafungua kifuniko kwa bisibisi yake ndogo, wakaisafisha taratibu kwa brashi ya cherehani.

Jioni ile babu hakukatizwa. "...nikamwambia kifungo kimedondoka njiani. Uongo mtupu! Nilikikata mwenyewe, nipate sababu ya kumwona."

Bibi alicheka hadi machozi yakamtoka. Miaka yote ya ndoa yao, mzee alikuwa amemficha hilo.

"Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," akamwambia mjukuu wake. "Niliidekeza kompyuta hii nusura niiue. Kitu ukikipenda, kisafishe, usikifunike tu. Na wewe ungeogopa kuniambia ukweli, ningekufa sijui habari ya kifungo."

Akakikunja kitambaa, akakiweka magotini pake, akaomba hadithi ianze upya.