Pazia Likishuka

Kila asubuhi mama alichemsha chai, mimi nilifagia, na mdogo wangu alikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Redio yetu ilikuwa imezimwa. Yeye hakuweza kuvumilia kuisikia.

Kabla ya hapo alikuwa akijifunza ushonaji kwa Fundi Mkasi. Nyuma ya karakana kulikuwa na chumba cha kupimia nguo. Humo fundi aliwabaka wanafunzi wake. Kila aliposhusha pazia, mkewe, aliyeketi kwenye cherehani, alipandisha sauti ya redio.

Mdogo wangu alisema. Fundi akakamatwa. Kabla kesi haijasikilizwa, akafa.

"Basi, yameisha," mama alisema. "Maiti hashtakiwi."

Lakini mjane aliendelea kupokea wanafunzi, na shemeji yake akakalia kiti cha marehemu. Pazia lilikuwa lile lile.

"Sitaki kingine," mdogo wangu alisema. "Kile chumba kifungwe."

Jirani yetu tulimwita Bi Wakili. Alifanya kazi ya msaada wa sheria, na hata kuku wakipigana aliuliza nani kaanza.

"Nani kawaambia yameisha?" alituuliza. "Kesi ya jinai hufa na mshtakiwa. Lakini ipo kesi ya madai juu ya mali. Serikali huiomba mahakama itaifishe nyumba iliyotumika kwa ukatili huo, hata kama hakuna aliyefungwa."

Mama akaguna. "Nyumba ishtakiwe! Itajibu nini, shoga yangu?"

"Anajibu mwenye nyumba, na sasa ni yule mjane. Kama hakujua, au alijua akajitahidi kuzuia, sheria inamlinda. Kama alijua akanyamaza, inachukuliwa."

"Atasema hakujua."

Mdogo wangu aliinua uso. "Redio," alisema.

Mahakamani mjane aliapa kwamba hakusikia kitu.

"Mbona ulikuwa ukipandisha sauti?" wakili wa serikali alimuuliza.

"Napenda muziki, baba. Kupenda muziki ni kosa?"

Watu wakacheka. Kisha wasichana wakasimama mmoja mmoja. Hawakuwa wamepangana, lakini wote walisema neno moja: pazia likishuka, redio inapanda. Mdogo wangu alisema wa mwisho. Alikuwa amekonda kama uzi, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

Hukumu ilichelewa. Homa ya mapafu haikuchelewa. Ilimkuta mdogo wangu hali chakula, halali, hana nguvu ya kupigana nayo. Tukamzika.

Bi Wakili ndiye aliyetuletea habari. Nyumba imetaifishwa. Pazia limeng'olewa, mlango umefungwa kwa lakiri ya mahakama. Hakuna mtoto wa mtu atakayeingizwa tena mle.

Mama hakulia wala hakushangilia. Aliwasha redio, asikie kama watatangaza. Ukapigwa wimbo. Mkono wake ukaizima wenyewe, haraka, kama mtu aliyegusa moto.

Akageukia kigoda cha mlangoni.

"Niwie radhi, mwanangu," alisema. "Nilisahau."