Salamu Iliyofukuza Watu Arobaini

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, katika maabara ya kompyuta ya shule ya bweni, watu arobaini walifukuzwa bila kuguswa. Kila mwanafunzi aliandika nywila yake, skrini ikamwambia "Karibu, mwanangu," kisha mtambo ukamtoa nje.

Mwalimu wa kompyuta hakuhitaji ushahidi. Alimnyooshea kidole Kiroboto, yule mwanafunzi aliyewahi kuficha chura kwenye boksi la chaki. Saa tatu, sanduku la bati la Kiroboto lilikuwa mlangoni pa ofisi, likingoja kufukuzwa pamoja na mwenyewe.

Mwalimu mkuu alimwita fundi wa mitambo, mama wa maneno machache. Fundi alifungua seva, kompyuta inayoongoza nyingine zote, kwa njia ya dharura, akaenda moja kwa moja kwenye faili la pamoja, lile ambalo mtambo hulisoma kila mtu anapoingia. Lilikuwa limebadilishwa jana, saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Salamu ilikuwamo, na chini yake amri ya kutoka.

Fundi akamgeukia Kiroboto. "Saa hiyo ulikuwa wapi?"

"Jikoni, mama. Adhabu ya masufuria."

Matroni alithibitisha: alimsimamia tangu saa kumi na mbili mpaka saa moja na nusu.

"Nywila kuu unaijua?"

"Nani haijui? Imebandikwa chini ya kibodi ya mwalimu."

Macho yote yakamrudia. Huenda alimtuma mwenzake, mwalimu akadokeza.

Fundi akaomba daftari la Kiroboto. Programu saba, na chini ya kila moja wino mwekundu: *Umesahau amri ya kutoka. Alama mbili zimekatwa.*

"Sikusahau, mama. Programu ikifika mwisho inaisha yenyewe."

Fundi akatazama kompyuta ya mwalimu. Mwalimu alikuwa hajatoka kwenye mtambo tangu jana.

"Mwalimu, hebu toka, halafu uingie tena."

"Nina kazi sijaihifadhi."

"Ihifadhi. Tunakungoja."

Mwalimu akaondoa kidole kwenye kibodi. Kisha akasema yote. Salamu ilikuwa ya kuwafurahisha wakaguzi. Aliijaribu kama programu inayojitegemea, ikaisha vizuri. Ndani ya faili la pamoja, amri ileile ikawa inamfungia mlango kila aliyeingia. Alilijua kosa lake tangu saa mbili na robo.

"Ningewaambia nini watoto niliowakata alama?"

Mwalimu mkuu alimwamuru alirudishe sanduku bwenini, kwa mikono yake. Kiroboto alimfuata, mikono nyuma, mpole kama shemasi.

"Shikamoo, mwalimu. Zile alama kumi na nne, nizifuate leo au kesho?"