Wingu la Upande wa Akheri

Sifaeli aliamka amechoka, kama kawaida yake tangu mkewe afariki. Aliwapikia watoto uji, akatoka kuangalia Mlima Meru. Kilele kilikuwa kimefunikwa na wingu zito.

"Mvua hiyo," alijisemea. Akabeba jembe na ndoo ya mbegu.

Msimu huu alishapanda mara moja kwa kuangalia wingu hilohilo. Mvua ikanyesha kidogo, ikakata. Mahindi yakachipua, yakakauka. Mbegu iliyobaki ni hiyo ndoo tu. Ikiharibika, watoto watakula nini?

Jirani yake, Namnyaki, alikuwa anapitisha mbuzi.

"Baba Vaileth, unawapandia panya?"

"Nifanye nini, mama? Bwana shamba hatumwoni. Wakubwa wenyewe wanakuja wakati wa kura, wanatugawia fulana, basi."

"Walaumu hao upendavyo, lakini wingu hawajaliweka wao. Nani alikufundisha kuliangalia?"

"Baba yangu. Kule kwetu Akheri, Meru ukijifunika hivyo, mvua haichelewi."

"Akheri iko kusini mwa mlima. Hapa Oldonyo Sambu tuko kaskazini. Wingu hilo linamwaga maji huko kwenu. Huku tunaliona tu."

Sifaeli akaweka ndoo chini. Zamani mkewe, mzaliwa wa hapa, ndiye aliyekuwa anasema siku ya kupanda. Yeye alikuwa anashika jembe tu.

"Hata sisi, dalili zetu siku hizi zinatudanganya," Namnyaki akaendelea. "Sikiliza utabiri redioni. Halafu chimba mpaka mkono uzame hadi kifundo. Chota udongo wa chini, ufinye. Ukimwagika, subiri. Ukishikana donge, panda."

Sifaeli akachimba, akafinya. Vumbi likamtoka vidoleni.

"Kwa hiyo nikae tu?"

"Kaa. Mtu umechoka hivyo, na kupumzika hutaki?"

Akarudisha ndoo ndani. Redio ikasema mvua itachelewa. Kila asubuhi alichimba, akapata vumbi.

"Viongozi wanachelewa, mvua inachelewa," alinung'unika. Lakini hakupanda.

Hatimaye mvua ikanyesha siku kadhaa mfululizo. Redio ikasema itaendelea. Sifaeli akafinya udongo, ukashikana donge. Siku hiyohiyo akapanda, watoto wakifukia.

Mahindi yakaota mistari mizima, ya kijani, hakuna pengo. Vaileth akaja mbio shambani.

"Baba, palizi tunaanza leo?"

"Kesho, mwanangu," Sifaeli akajibu, akaketi chini. "Leo niache niyaangalie tu."