Kidole Nilichomwazima Shangazi

Kisa hiki nimezoea kukisimulia kama cha jirani yangu, fundi cherehani mmoja mbishi. Leo sina nguvu za kudanganya. Fundi mwenyewe ni mimi.

Siku ile ilianza vizuri tu. Shangazi aliamka, akanywa uji, akaniambia pindo la gauni nililokuwa nalishona limekwenda upande. Moyo ndio uliokuwa mgonjwa, macho yalikuwa mazima. Yeye ndiye aliyenilea tangu nina miaka minne, na yeye ndiye aliyenifundisha kushika sindano.

Hospitali walipomruhusu arudi nyumbani walitupa kidude cha kubana kidoleni. Kinasoma mapigo ya moyo na oksijeni, kisha kinazituma namba kwa nesi anayekaa mbele ya kioo cha kompyuta kule hospitali. Asubuhi saa moja, jioni saa kumi. Namba zikiwa mbaya, gari la wagonjwa linakuja. Shangazi alikiita Kidomo, kwa sababu kinang'ata bila meno.

Shida ilikuwa vidole vyake. Vilikuwa vya baridi, na Kidomo hakisomi kidole cha baridi. Lazima ukisugue dakika tano, kumi, mpaka kipate joto. Na mimi nina sare za shule arobaini, wazazi wananipigia simu utadhani nimewaibia vitambaa. Siku moja nesi akapiga kuuliza mbona kipimo hakijafika. Nikaona isiwe tabu. Nikabana kidole changu mwenyewe. Mapigo sabini na mbili, oksijeni tisini na nane.

"Hongera, dada," nesi akasema. "Shangazi anaendelea vizuri sana."

Shangazi alicheka hadi akakohoa. "Leo nimekuwa kigoli," akasema, nami nikacheka naye. Mara moja ikawa mara mbili. Wiki ya tatu nilikuwa simsugui kabisa, na sikuona haya, huo ndio ukweli.

Basi siku ile ya uji na pindo, saa kumi ilipokaribia, aliniita kutoka chumbani. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mwanangu, leo nipime mimi. Sijisikii vizuri."

"Nakuja, Shangazi. Namalizia mkono huu."

Mkono wa shati. Simu ikalia kukumbusha saa, nami bila hata kuinuka nikabana kidole changu. Namba zikaenda. Nikaendelea kushona. Kisha nikashona na mkono wa pili, maana uzi ulikuwa umeshaingia sindanoni.

Nilipoingia chumbani alikuwa ameshakata roho. Mkono wake ulikuwa juu ya shuka, kidole cha shahada kimenyooshwa mbele, chenyewe tu. Alikuwa ananingoja.

Nesi alikuja msibani, akalia kuliko ndugu wengine. "Nilimwangalia kwenye kioo," alininong'oneza. "Alikuwa mzima. Sijui nilikosea wapi." Nikamshika bega, nikamwambia ni kazi ya Mungu. Nilithubutu, na msiba uko mbele yangu.

Kidomo nilikitia kabatini nikisubiri kukirudisha. Siku ya tisa nesi akanipigia.

"Dada, samahani. Nani anakitumia kile kifaa?"

"Kimo kabatini. Betri nimetoa."

"Vipimo vinaingia. Kila siku saa kumi, kwa jina la Shangazi."

"Vinasemaje?"

"Vinasema niite gari." Kisha akashusha sauti. "Jumatatu wakubwa wananiita kuhusu kifo chake. Hapo kazi sina tena. Nikiwaambia na hili, wataniona kichaa."

Nilitazama saa ya ukutani. Saa kumi kasoro dakika moja. Jua linawaka dirishani, watoto wanacheza nje. Nikafungua kabati.

Betri zilikuwa pale pale, kando. Kidomo kilikuwa kimefunguka. Kidude kile kina springi, ukikiacha kinajifunga. Sasa kilikuwa wazi, upana wa kidole. Ndani hamna kitu. Taa nyekundu inawaka. Namba zinashuka. Sabini. Hamsini na tano. Arobaini. Kisha kikajifunga taratibu, kama mtu amechomoa kidole.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni pa ofisi ya nesi kabla ya kikao. Nikamweleza yote, tangu sare hadi mkono wa pili. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

"Kidole kipi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Akakibana kwa kifaa cha mezani kwake. Kikaonyesha vistari vitupu.

"Kina baridi," akasema. "Kisugue."

Nikasugua. Vistari. Akajaribu kidole cha pembeni: sabini na mbili. Akajaribu vyote tisa: sabini na mbili. Akarudi kwenye kile kimoja. Vistari. Alivuta karatasi akaanza kuandika maelezo yangu.

Nesi alibaki na kazi yake, angalau hilo. Kidomo kilifutwa kwenye orodha, na namba za Shangazi hazikuja tena. Mimi nashona bado. Daktari aliniambia labda ni mishipa, akanipa dawa ya kupaka, lakini mpaka leo hakuna kifaa kinachokisoma kidole hiki.

Hilo ningelizoea. Lakini kila siku saa kumi, hata nikiwa na mteja mbele yangu, kidole hiki huanza kusuguliwa. Naiona ngozi inavyobonyea. Taratibu, bila hasira, na mtu asiye na haraka yoyote. Hunisugua dakika tano, kumi, vile nilivyopaswa kumsugua yeye, kisha huacha, na kidole hubaki baridi vile vile.

Nami husimamisha cherehani, nikamngoja amalize.