Pete Ndani ya Chungu

Mvua za masika zilianza katikati ya Ramadhani. Nyuma ya nyumba yangu, Bububu, uyoga mweupe ukaota kila pahala. Nikachuma ungo mzima.

Mimi, Mwanapili, nilijiona bingwa. Nikaupika kwa tui la nazi, nikatumbukiza pete yangu ya fedha chunguni. Mama alinifunza: pete ikigeuka nyeusi, uyoga una sumu. Pete ikatoka inang'aa. Mchuzi wote nikampelekea jirani yangu Nadra, afuturie. Nilitaka anisifu.

Saa mbili usiku mumewe, Yussuf, akagonga mlango. Yeye alifuturu msikitini.

"Bi Mwanapili, njoo! Nadra anatapika, hawezi hata kusimama!"

Tukampeleka hospitali. Nesi akauliza, "Amekula nini?"

"Mchuzi wa Bi Mwanapili," Yussuf akajibu.

"Mchuzi wa nini?"

"Wa kuku," nikasema.

Astaghfirullah! Niliona haya kuambiwa nimemlisha mtu sumu, na mwenzangu anakufa pale.

Nadra akanishika mkono. Hakuweza kusema. Mkono wake ulikuwa wa baridi, lakini alinishika mimi. Nikashindwa kuendelea kuficha.

"Nimesema uongo! Ni uyoga!"

"Umebaki?" nesi akauliza.

"Upo mbichi, kwenye ungo."

"Kaulete upesi!"

Asubuhi akaja Savita, mtaalamu wa uyoga kutoka mjini. Hospitali ilikuwa imempelekea uyoga wangu usiku uleule, naye akaulaza mmoja juu ya karatasi nyeupe. Ulidondosha unga wa kijani.

"Shikamoo, Bi Mwanapili. Unga huu umenisaidia kuujua uyoga wako. Una sumu."

"Marahaba. Na pete yangu je?"

"Pete haijui sumu. Kupika nako hakuiondoi. Usile uyoga wa porini bila kumwonesha mtaalamu. Hata mimi, nikiwa na shaka, siuli. Mtu akiugua, mwahisheni hospitali na uyoga uliobaki. Na semeni kweli papo hapo."

Nikainamisha kichwa.

Nadra alipona baada ya siku mbili. Pete sasa inakaa kidoleni, na uyoga wa nyuma ya nyumba hatuugusi tena mtaa mzima. Nimewaambia wote, na uongo wangu nimeutaja.

Sikukuu, Nadra akanirudishia bakuli langu. Amelijaza visheti. Sikuweza kumtazama.

"Jirani, mbona hunletei tena mchuzi?"

"Naona haya."

"Nletee," akasema. "Ila safari hii uwe wa kuku kweli."