Kilichokaa Juu ya Tairi

Gari lilikuwa limezimwa na ufunguo uko mfukoni mwa kinyozi, lakini tairi la nyuma bado lilikuwa linasugua bati.

Alisimama barazani na taulo begani, akasikiliza. Khwaru. Kimya. Khwaru. Tangu Fundi Nyundo alipolifungia magurudumu makubwa asubuhi ile, kila kona matairi yaligusa madigadi, yale mabati yanayoyafunika kwa juu, na fundi alishamwonya. "Gari la zamani hili, bosi. Limezaliwa na rimu za kumi na tatu, wewe unalivalisha kumi na sita. Lazima libane." Sawa, libane. Ila gari lililosimama linakata kona gani?

Kinyozi hakuwa mtu wa mapambo. Wateja wake walimcheka eti kikongwe kavalishwa viatu vya mcheza mpira, na yeye alicheka nao, wembe mkononi. Hawakujua. Barabara ya kwenda hospitali ilikuwa mashimo na mawe matupu, na gari hilo alilorithi kwa marehemu baba yake lilikaa chini mno, tumbo lake likigonga kila jiwe. Mimba ya kwanza ya mkewe iliharibikia kwenye barabara hiyo, gari limenasa shimoni, mkewe amemshika shati akimwomba asukume. Sasa alikuwa mjamzito tena na siku zimekaribia. Kinyozi alikuwa tayari kulifunga gari hata magurudumu ya trekta, mradi lipite.

Kesho yake akalirudisha gereji. Fundi Nyundo akaingiza mkono chini ya madigadi, akaanza kuzigonga kingo za bati zilale ndani, gurudumu moja baada ya jingine. Alipofika la nyuma kushoto akaacha kugonga, akakunja pua.

"Bosi, ulibeba mzoga humu?"

Harufu ilikuwa ya udongo mbichi na grisi iliyoungua. Fundi akapiga nyundo ya mwisho, akapangusa mikono. "Haya. Hapa sasa hata panya hapati pa kulala."

Kweli, kelele zikaisha. Kinyozi aliendesha hadi nyumbani anapiga mluzi, na gari likayaruka mashimo bila kugusa chini.

Mchana huohuo sauti ileile ya kukwaruza ikasikika nyuma ya kabati la chumbani.

"Panya," alisema mkewe, amejilaza.

"Panya gani anavuta pumzi kama mtu?" Kinyozi aliuliza, kisha akatamani asingeuliza.

Baadaye ikahamia nyuma ya ndoo za maji, ikatoka huko ikaingia kwenye uwazi kati ya jiko na ukuta. Kila ilipokaa, chombo kilikutwa kimesogea kidogo, kama kinavyosogea mtu akijibanza mahali pasipomtosha. Kabati waliliegemeza ukutani jioni, asubuhi likawa limeachana na ukuta. Na ile harufu ya udongo na grisi ikaganda kwenye mapazia, kwenye nguo, mpaka kwenye maji ya kunywa.

Kisha ikaja alasiri ya mvua, mkewe amelala ubavu, kinyozi ameketi ukingoni mwa kitanda akimkanda miguu, na chini ya godoro kikapita kitu, taratibu, kikianzia miguuni alipoketi yeye, kikiinua shuka kidogo tu kila kinaposogea, kikipanda kuelekea mgongoni kwa mkewe, na kinyozi akaing'ang'ania miguu ya mkewe, na kile kitu kikafika kiunoni pake, kikatulia pale kama mtu anayepapasa mlango gizani, halafu godoro likalala, shuka ikalala, na kwaruzo likakoma.

Mkewe alifumbua macho. Alinong'ona, "Mtoto amesogea." Akaweka mkono tumboni. "Hapana. Kuna kitu kimemsogeza."

Kinyozi alimpigia simu shangazi yake, dada wa marehemu baba, ambaye watu walimwita walipofikwa na mambo ambayo hospitali haikuyaweza. Mama huyo alikuja mvua ileile ikinyesha, na hakuingia ndani kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari, akachutama, akaingiza vidole juu ya tairi la nyuma kushoto.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba. Nani kakwambia upagonge hapa?"

"Tairi lilikuwa linasugua."

"Halikuwa tairi, mwanangu. Hapa palikuwa na mwenyewe. Baba yako alimkuta humu siku aliyolinunua, wakaachiana nafasi. Hataki makuu. Anataka kipembe cha giza kinachotikisika. Na wewe umempiga nyundo."

"Nilifanya kwa ajili ya mke wangu!" Machozi yalimtoka.

"Najua, baba. Basi rudisha magurudumu madogo, nyoosha bati, na ufanye haraka, kabla hajaonja pengine penye joto. Akishaonja, bati atalifanyia nini?"

Kinyozi alikimbia gereji. Magurudumu ya zamani yalikuwa bado kwenye lundo la Fundi Nyundo. Yeye na fundi wakayabeba hadi nyumbani, wakayafunga, wakazinyoosha kingo palepale uani, mvua ikiwapiga. Ndani, shangazi alipita chumba kwa chumba akinyunyiza maji na kusoma, akimbembeleza mgeni kwa upole arudi kwake, nafasi yake ipo.

Nyumba ikatulia. Harufu ikakatika. Shangazi akatoka, akaweka sikio kwenye madigadi, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Kimya kabisa," kinyozi alisema akitabasamu. "Imekwisha!"

Shangazi hakutabasamu. Chini ya bati hakusikia hata pumzi. Alikuwa anatazama dirisha la chumbani, na wakati huo mke wa kinyozi akaita. Uchungu ulikuwa umeanza.

Tumbo la gari liligonga mawe njia nzima, na kwa kila jiwe kinyozi alimwomba Mungu kwa sauti. Walifika, yeye, mkewe na shangazi. Mlango wa leba ukafungwa. Baada ya muda kikasikika kilio cha kitoto, kikali, na kinyozi akaanguka magotini kwenye sakafu ile ya baridi, akalia bila haya mbele za watu.

Mkunga alichungulia. "Hongera, baba. Binti, mzima kabisa."

"Na mama yake?"

"Anaendelea." Mkunga akasita, akashusha sauti. "Kliniki waliwaambia ni wangapi?"

"Mmoja."

"Kuna mwingine, bado yumo tumboni. Hana mapigo ya moyo, lakini anasogea. Kila tukimgusa anajibanza pembeni."

Shangazi aliketi chini, akajifunika uso kwa mikono. Kinyozi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, akausukuma mlango, akaingia alipokuwa mkewe.