Bibi Harusi Aliyeacha Kula

Swaumu alikuwa bado na chuma mabegani pale kizunguzungu kilipomshika. Mtoro aliwahi kukidaka chuma, lakini mwenyewe Swaumu akateleza hadi sakafuni, na wanawake wote wa darasa la asubuhi wakaacha mazoezi, wakaja kumpepea kwa khanga.

Mtoro ndiye mwalimu wa gym ile ya Kibiti, na ndiye mchumba wa Swaumu. Akamnywesha soda kidogo kidogo mpaka akapata nguvu, kisha akamuuliza amekula nini. Swaumu akasema amekula. Mtoro akamuuliza lini.

"Tangu jana nakunywa maji tu," akakiri.

Mtoro akashika kichwa. Akamweleza yale anayowaeleza wateja wake siku zote: kwamba misuli na ini huweka akiba ya sukari itokanayo na wali, ugali na muhogo, na akiba hiyo ikiisha huku mtu anabeba vyuma, sukari ya damu hushuka na kizunguzungu kikamwangusha. Tena mwili unaoshindishwa njaa hauchomi mafuta peke yake, unaimega hata misuli.

"Hayo nayajua, umeyasema mbele yangu mara nyingi," Swaumu akajibu. "Lakini kwenye video yako ulisemaje? Kwamba mke wa mwalimu wa mazoezi ndiye tangazo lake, na wako atapungua mpaka watu wamshangae siku ya ndoa."

Mtoro akasema ule ulikuwa utani wa kuvutia wateja.

"Watu walicheka, Mtoro. Hata walimu wenzangu shuleni Mbwera walionyeshana. Mimi sikucheka."

Akavua pete, akamwekea kiganjani. Akapita kwa shangazi yake alikokuwa likizo, akachukua begi, na jioni boti ikamfikisha kwao Mbwera.

Mama yake, Bi Tabu, alisikiliza mkasa wote huku akipakua wali wa nazi.

"Nilikuita Swaumu kwa kuwa ulizaliwa Ramadhani," akamwambia. "Sikukuambia ufunge mpaka mwezi wa harusi yako."

Swaumu akacheka huku machozi yanamtoka. Akala, akaomba na ukoko.

Simu za Mtoro aliziacha ziite. Ukaingia ujumbe: "Nimeifuta ile video. Naomba nije."

Akajibu: "Kufuta ni rahisi. Walioiona je?"

Kesho yake Mtoro akaweka video nyingine, ameketi peke yake, bila muziki. Alisema amemfanya mwanamke anayempenda kuwa bango la biashara, na kwamba lile halikuwa neno la mwalimu wala la mchumba. Akaomba radhi. Habari ya Swaumu kuanguka hakuigusa kabisa. Wapo waliomdhihaki, na mteja mmoja akajitoa, lakini video aliiacha palepale. Swaumu aliitazama, akairudia.

Ndipo akamruhusu aje. Mtoro akashuka botini suruali imelowa magotini, akampa Bi Tabu shikamoo, akaketi mkekani.

"Sikuja kujitetea," akamwambia Swaumu. "Nilikuwa nakutazama kwa macho ya wateja. Nisamehe."

"Na nikinenepa zaidi?"

"Nitakuoa hivyo hivyo. Tutakachogombania ni wewe kujinyima chakula."

Swaumu akasema mazoezi hatayaacha, maana akiyafanya hulala vizuri na hufundisha kutwa bila kuchoka.

"Ila mwalimu wangu hutakuwa wewe. Nitafundishwa na Muzdalifa, anayefundisha darasa la jioni. Wewe baki kuwa mume."

Mtoro akatoa pete mfukoni. Mkono wa Swaumu ulikuwa umeshanyooshwa.

Siku chache kabla ya nikahi, fundi cherehani wa Mbwera alimjaribisha gauni, akauliza kama alibane kiunoni, kwa kuwa maharusi wengi hupungua kwa mawazo. Swaumu akamwambia aache nafasi.

"Nafasi ya nini, mwanangu?"

"Ya pilau. Nataka nile harusini kwangu."

Na akala. Sinia lilipoletwa, Mtoro alimsogezea minofu upande wake, wakawa wanakula na kunong'onezana, na Swaumu hakugeuka hata mara moja kuangalia nani anamtazama.